Mizani ya Kliniki

Mizani tuliyonayo ni ile ya kliniki,
ya kuning'iniza, yenye uso wa saa na mshale mmoja,
na kaptula ya turubai ya buluu
ambamo watoto wa Makorora walipimwa wakilia.
Nesi Tabia alipostaafu aliiomba, akapewa,
akaifunga kwenye kenchi ya baraza lake,
akasema: ushirika hauanzi na katiba,
unaanza na mizani.

Jumamosi ya kwanza tulikuwa kaya kumi na nne.
Mimi nilishika daftari, kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka
na sina haya ya kumdai mtu.
Toyo iliondoka Kicheba alfajiri,
ikaingia mtaani ikikohoa,
mafenesi chini, machungwa juu,
na Mhina Mntambo katikati, amekumbatia tenga la mapera
kama mtu aliyebeba mayai.

Yalikuwa machungwa yenye makovu.
Kijani cha kuchoka, madoa ya kahawia,
mengine na kikonyo na jani lake bado.
Zuberi wa cherehani akalipindua moja, akalipindua tena.
"Haya ndiyo yasiyopigwa dawa?"
"Ndiyo."
"Yanaonekana."
Tukacheka. Mhina hakucheka.
Alichomoa kisu, akalimenya, ganda likashuka
utepe mmoja usiokatika mpaka ukagusa saruji,
akalikata kofia, akampa.
Zuberi alifyonza, akanyamaza.
Harufu ilitufikia hata sisi tuliokaa ngazini.

Ndipo nikauliza, kalamu mkononi:
"Kilo unauzaje?"

Basi hapo mtu alikwama.
Miaka kumi na tisa, alisema, bei humfuata yeye.
Huja na fuso, huja mti ungali na maua;
mtu anazunguka shamba, mkono mfukoni,
anahesabu miti, hahesabu machungwa,
anataja, nawe unaitikia
kama unavyoitikia salamu.
"Sijawahi kuulizwa," akasema. "Ngojeni."
Akatoka uani kumpigia mkewe simu.

Tulimsikia; mtandao ulikuwa dhaifu, naye akapaza sauti:
"Wanataka mimi niseme! Mimi!
Ndiyo, hao hao walaji.
Palizi tatu. Kwa jembe, ndiyo.
Samadi ya kina Shemweta, ile hatujailipa.
Na mwarobaini uliotwanga wewe?
Mikono yako je, nayo tuitie bei?"
Kisha kimya kirefu.
Huko upande wa pili mtu anapiga hesabu.

Alirudi na bei. Ilizidi ya sokoni, si sana.
Mmoja aliguna; jina lake ninalo daftarini, silitaji.
Kaya mbili zikajitoa.
Nikaandika tarakimu ile, na pembeni yake,
palipotakiwa jina la muuzaji,
nikaandika Mwanamvua,
ambaye sijapata kumwona.

Kisha mapera yakavishwa kaptula.
Mshale ukatetemeka, ukatulia.
"Nne na robo! Hajambo huyu, ongeza uji!"
akaita Nesi, kama alivyozoea,
na baraza zima likaangua kicheko.

Mimi sikuandika mara moja.
Mwanangu wa kwanza alining'inia humo humo,
kadi yake imeshuka kwenye rangi nyekundu,
na Nesi huyu huyu akaniambia kwa upole: mpe matunda.
Nilitoka, nikapitia sokoni,
nikayatazama.

"Karani, umelala?"
"Nne na robo," nikasema. Nikaandika.

Yule mwana alikuwa mlangoni,
miaka ishirini na mmoja, kichwa kinagusa fremu,
ameshachota pera kabla ya kupimwa.
"Mama, lina mdudu."
"Mkatie fungu lake," akasema Mhina,
na hapo ndipo alipocheka,
"yeye alitangulia kufika."