Mizani

Mtaa wa Msimbazi, mbele ya duka la vitenge,
Maduhu ameweka mizani chini, juu ya boksi lililokunjuliwa.
Mia mbili tu, mama, panda ujijue.
Nikavua kandambili, nikavua na saa ya mkononi,
nikampa mkoba anishikie,
kana kwamba gramu za leso zingenisitiri.

Tisini na nne.

Akainama, akasoma tena, kwa adabu,
akasema: Mama, hapa ardhi imeinama kidogo.

Miaka thelathini na moja nilifundisha mizani,
Tandika, darasa lenye madirisha yasiyofunga:
nane huku, nane kule, ukizidisha moja nakata maksi.
Walionichukia kwa silabi moja ni wengi.
Leo mstari wangu mwenyewe
umemwagika nje ya ukingo.

Nilipoolewa nilikuwa na hamsini na moja.
Mama mkwe alinizunguka kama mbuzi wa mnada,
akaguna: huyu atabeba nini?
Basi nikalishwa, kisha nikajilisha,
na kila kilo ilikuja na pongezi zake:
umependeza, mwalimu, mshahara unaonekana.
Na miaka ile ya tisini,
tulipokuwa tukizika kila Jumamosi,
nani angethubutu kukonda?
Hemedi alikuwa akinipima kiuno gizani kwa viganja,
akikuta kimejaa
analala.

Daktari wa Temeke ni binti niliyemfundisha ngeli.
Sukari iko mlangoni, mwalimu, haijaingia ndani.
Akanichorea sahani kwenye karatasi ya dawa,
akaigawa, akasema: nusu mboga.
Nusu!
Kwangu mchicha ulikaa pembeni siku zote
kama mgeni aliyekuja bila kadi.

Sasa Jumamosi alfajiri klabu ya jogging ikipita,
fulana za njano, filimbi, vijana wakiitikiana,
mimi na Mwanaidi tunaingia nyuma,
pamoja na Mzee Chande na nyonga yake ya kushoto.
Wanatuita Mkia.
Sawa. Ng'ombe bila mkia
nzi watamla.
Kwa muuza vitumbua napita nimegeuza uso
kama mtu mwenye deni.
(Ijumaa nalipa. Kimoja. Sawa, viwili.)

Miezi minne, kilo sita.
Jirani akanivizia penye ukuta, sauti chini:
Mwalimu, pole, lakini… umepima?
Nimepima, nikamwambia. Mia mbili.

Juzi, kabla ya kufika Mtoni, beti likanijia
kwa mwendo wa miguu, hatua moja silabi moja:

*Mwili huu mwili wangu, nani alinikodisha?*
*Goti ni mdai wangu, kila ngazi lanitisha,*
*Kiuno nacho ki chungu, kuinuka chanibisha,*
*Pumzi zingali zangu, mwalimu bado natosha.*

Nikahesabu kwa vidole. Mzee Chande akahesabu pia,
akadai mstari wa mwisho umepungua:
saba huku, nane kule.
Kijana huyu wa miaka sabini na mbili
ameruka m.
Tukasimama katikati ya barabara, klabu ikatuacha,
bodaboda zikatupigia honi,
nikamfundisha upya kama wa darasa la tano:
pu, m, zi.
Ile m ya katikati haina irabu,
hainenepi, haina mwili wa kuonekana,
ila unaifungia midomo na kuikalia kidogo
kabla hujaendelea.

Akafunga midomo, akaikalia.

Umeona? nikamwambia. Nayo inapimwa.
Ukiiruka,
pumzi hazitoshi.