Swichi ya Nyuma

Kibao cha duka langu, Mtaa wa Albert, Dundee,
kilisema kwa herufi nyekundu: MWINJUMA KOMPYUTA.
Chini yake, kwa Kiswahili, maana nani angekisoma:
HAKUNA KINACHONISHINDA.
Shakwe walikinyea kila wiki.
Ningekuwa na akili ningeichukua kama salamu.

Nilikuwa bingwa wa kucheka ya wenzangu.
Yule mwanafunzi wa udaktari aliyejiundia mashine
akasahau kubandua nailoni chini ya feni:
kompyuta ikapanda homa, ikazima, ikapanda homa,
na yeye, daktari mtarajiwa, akasingizia virusi.
Yule kinyozi wa jirani na kadi yake ya picha, pauni mia nne,
kebo ya skrini kaichomeka tundu jingine,
kadi imekaa mwaka mzima
kama mgeni asiyekaribishwa chakula.
Na Struan, mwanagenzi wangu, miaka kumi na saba,
alifunga bodi, nyaya, kila skrubu,
ndipo akakiona kile kibati cha mgongoni
kimelala mezani, kinamtazama.
"Fungua yote," nikamwambia.
Nilicheka hadi nikakohoa.

Novemba, mvua ya kupiga ubavu,
akaingia Bi Effie Geddes na mkokoteni wa sokoni,
kompyuta ndani, imeviringishwa taulo la kuogea.
"Haiwaki. Na picha zote za Norrie zimo humo."
Sikuuliza Norrie ni nani.
Kidoleni mwake zilikaa pete mbili, moja kubwa mno.

Nilibonyeza. Kimya.
Nikachomoa vipande vya kumbukumbu, nikavisugua meno kwa kifutio.
Kimya.
Nikatoa betri, nikairudisha, nikaipuliza kama uji.
Struan akafungua mdomo: "Labda tujaribu..."
"Nyamaza. Nasikiliza."
Siku ya pili nikatangaza, kwa sauti ya wodini:
"Pawasaplai imekufa." Nikaagiza mpya.

Siku ya tatu nikaigeuza, bisibisi mkononi,
nikaliona.
Kijiti upande mmoja, kiduara upande wa pili.
Kilichobonyea ni kiduara.

Nyani haoni kundule.
Mimi hata la kompyuta sikuliona.

Nikagusa kwa ncha ya kidole.
Feni ikavuta pumzi, taa ya kijani,
kisha mzee mwenye kofia ya sufu akatokea skrinini
amekumbatia kabichi kubwa kuliko kichwa chake,
anacheka, na mimi nikaona ananicheka mimi.
Struan alikuwa anatazama dari.
Adabu hiyo sikumfundisha mimi.

Ankara niliiandika: Uchunguzi wa mfumo wa umeme, pauni sitini.
Nikakata. Arobaini.
Nikakata, nikaichana, nikaandika nyingine,
na bado kalamu ilikuwa hewani mlango ulipolia.

"Loo, nilisahau kukwambia," akasema Bi Effie,
"mimi huizima kwa nyuma kila usiku. Norrie aliogopa moto.
Lakini wewe ni fundi, bila shaka ulianzia hapo."
Jasho jembamba.
"Ndiyo," nikasema. "Ndipo tunapoanzia."
"Basi siku tatu hizi ulikuwa unafanya nini?"

"Vumbi," nikasema. "Nilikuwa naondoa vumbi."

Akapitisha kidole juu ya kasha,
akakiinua, kijivu, akakisoma kama barua.
Hakusema neno.
Akafungua pochi, akahesabu pauni kumi na tano,
akaweka juu yake kopo la biskuti.
"Za vumbi," akasema, akaisukuma taulo iwe sawa, akaenda.

Biskuti alizila Struan.
Kopo tunawekea skrubu zinazobaki,
kwa maana kila kazi hubaki moja
na hakuna anayejua ilitoka wapi.

Jumatatu nilipanda ngazi na ndoo kusafisha kibao.
Mavi ya shakwe yalikuwa yameziba neno moja tu, lile la kwanza.
Nikasugua jina langu, nikasugua fremu,
nikasoma kilichobaki: KINACHONISHINDA.
Nikashuka na ndoo yangu.
Neno lile sikuligusa.