Debe Mbili

Niliinunua stoo ya chama cha asali, Isevya,
siku walipouza mabati na mizani mibovu.
"Taipureta," alisema mnadi, "ila haina pa kuwekea karatasi."
Watu wakacheka. Nikatoa elfu nane.

Ilikuwa kompyuta ya nyumbani,
zile za kuchomeka kwenye televisheni,
rika moja na mdogo wangu wa mwisho,
na kaseti ndani ya bahasha ya kaki:
HESABU. NKWABI. USIFUTE.

Oktoba, Tabora. Bati la kibanda linatatarika.
Skrubu nne zilitoka, ya tano imeliwa na kutu.
Nyigu alijenga chumba cha udongo
kwenye tundu la waya wa umeme,
akalea, akahama, hakudaiwa kodi.
Kapasita mbili zimevimba vichwa kama maandazi:
nikazing'oa, nikalehemu za redio iliyokufa.
Mkanda wa kuzungushia kaseti ulishakuwa lami;
nikakata mwingine kwenye tyubu ya baiskeli,
wa kwanza mnene, wa pili mwembamba,
baada ya hapo sikuhesabu.

Ganda lilikuwa njano, meno ya mvuta kiko.
Tatu wa saluni akanipa dawa ya kung'arishia nywele.
Nikapaka, nikaviringisha nailoni, nikaanika
kando ya mihogo yake.
"Unamsuka nani?" akaniuliza.

Kilichonikosesha usingizi ni A.
Haikuwepo. Shimo tu, pengo la mtoto wa darasa la kwanza.
Hebu andika Kiswahili bila A:
asali ni sli, baba ni bb,
Tabora ni Tbor,
kama mtu aliyeumwa na nyuki mdomoni.
Nikachonga kibonyezo kwa kipande cha mninga,
masalia ya mlango kwa fundi Mihambo,
herufi nikaichoma kwa ncha ya pasi ya lehemu.

Usiku wa tisa kaseti ikasoma.
Mlio ule! Panzi elfu ndani ya kopo,
dakika sita, mke wangu kajifunika mto.
Kisha kioo kikatulia, kikauliza:
JINA LA MRINA?
Nikaandika jina pekee nililolijua.

IGULU MAYUNGA. SIKONGE.
DEBE SITA. ZIMELIPWA NNE.
ANADAI SH 1,900. MACHI 1987.

Elfu moja mia tisa. Leo ni chai na chapati tatu.
Lakini mzee yule alikufa anadai.
Kila kikao alisimama, kofia mkononi,
na katibu akasema uzee unamchanganya.
Watoto tulimpachika jina, Debe Mbili,
tukamfuata nalo hadi relini.
Nasema tulimpachika.

Asubuhi nikaenda nyuma ya stesheni
anakouzia mkaa binti yake, Wande.
Akaja vile vile, mikono myeusi, akakalia kreti.
Umeme ukakatika.
Na mashine hii umeme ukienda
haikumbuki hata jina lake yenyewe.
Tukangoja. Hatukuwa na la kuongea.
Uliporudi nikarudisha mkanda mwanzo,
panzi wakaanza upya, dakika sita.
Wande hakuziba masikio.

Nikamwachia aandike mwenyewe, kidole kimoja.
I. G. U. L. U.
Akaitafuta M, akaipata. Kisha A,
na hapo kidole kikasimama.
"Huu mninga," akasema.
"Mizinga yake ilikuwa ya mninga."

Mistari ikatokea. Akaisoma mara mbili,
mara ya pili kwa sauti ya kikao.
Nikachomoa noti ya elfu mbili.
Akairudisha. "Wewe si chama."
Nikamwambia kuna mahali pa kuandika IMELIPWA,
Nkwabi alipaacha wazi.
"Na pakae wazi," akasema, akaenda kwenye mkaa wake.

Mashine yote nimeisugua kwa mswaki na spiriti,
hata chini, pasipoonekana.
Ile A ina alama ya dole gumba, nyeusi.
Hapo sijagusa.