Mlango wa Kumi na Tisa

Saa moja asubuhi Sigei anawasha mashine yake ya unga
na ukuta tunaogawana unaanza kutetema.
Nami nanoa patasi. Mara kumi upande huu,
mara kumi upande ule, mate kidogo juu ya kinoo,
kisha najaribu makali kwenye ukucha wa kidole gumba.

Mpira ni wa sakafu ya zahanati iliyobomolewa.
Niliununua hapa Bondeni kwa kilo, kama nyama.
Nauanika dirishani hadi ulegee.
Nachora mlango.
Ule ule.

Mbao sita, misumari iliyolia kutu,
pengo la chini alimokuwa akipenya paka,
na kitasa.

Natandaza wino juu ya kioo. Rola inakwenda, inarudi,
inakwenda, hadi wino useme: ile sauti ndogo
ya midomo inayobanduka kabla ya neno.
Nalaza karatasi. Nasugua kwa mgongo wa mwiko,
duara juu ya duara, kutoka katikati kwenda pembeni,
nikihesabu kwa lugha ya nyanya yangu
kwa sababu kwa Kiswahili huwa nafika upesi.

Manjano: karatasi kumi na mbili.
Nachonga tena mpira ule ule.
Kahawia: moja imeteleza, kumi na moja.
Kila rangi inakula mwili wa iliyotangulia,
huwezi kurudi kuongeza manjano.
Nikifika kwenye nyeusi nimeshika mifupa ya mlango
na karatasi saba. Siku mbaya, nne.

Naliaka wa jirani huja akitoka shule,
mkoba ungali mgongoni, akagua kamba ya kuanikia.
"Bado ni huo mlango?"
"Bado."
"Kwani haufunguki?"
Nampa makombo ya mpira achezee.

Simwambii kwamba tuliufunga Januari, usiku, kule Molo,
mama akanipa ufunguo kwa kuwa yeye alibeba godoro.
Ufunguo ninao. Mlango ulikwenda na moshi.
Mama anasema kitasa kilikuwa kulia.
Kaka yangu Muchemi, kwa simu, anaapa kilikuwa kushoto,
yeye ndiye aliyekuwa akikipaka grisi.
Na mimi nikichonga kulia, karatasi inatoa kushoto;
nikichonga kushoto, karatasi inamuunga mama mkono.
Nimeshawachapia wote wawili. Hakuna aliyeridhika.

Huu ni wa kumi na tisa.
Jana, kabla ya kahawia, patasi iliteleza
ikakwaruza ubao wa tatu, mahali ambapo
sikuwa nimepanga kitu. Niliapiza. Nikaendelea.
Leo nyeusi imekauka, na pale pana mstari wa manjano,
mwembamba, kama koroboi ya mtu
ambaye bado hajalala.

Sigei amezima mashine. Vumbi la unga linatua juu ya kioo.
Nakata mpira mwingine.
Mate kidogo. Mara kumi upande huu.