Somo la Hodi

Vermont, Januari. Theluji imefika madirishani.
Bi Parwana Stanekzai anavua viatu mlangoni mwa darasa,
nasi makadeti kumi na wawili tunamfuata,
soksi zikinuka unyevu.

"Kikombe hupokewa hivi," anasema,
mkono wa kulia; wa kushoto kifuani.
Semina ni siku nne. Leo ya tatu.

Sajenti Haskell, mwenye mvi, hajanywa.
"Kwenu niliingia nyumba kumi na tisa."

"Ulipiga hodi?"

Anazitazama buti zake kule mlangoni,
barafu ikiyeyuka kwenye kamba.

Bi Parwana anamwongezea chai.
Kikombe kilikuwa bado kimejaa.
Inafurika sahanini, inashika meza,
inaelekea kwenye ramani.

Hakuna anayeiondoa.