Njiani Kutoka Mileto

Siku mbili tulitembea bila mazungumzo,
sisi wazee wa Efeso, ndevu zimejaa vumbi na chumvi.
Merikebu ilikuwa imegeuka ukucha, kisha unywele,
kisha kitu unachodhani bado unakiona.
Onesifo aliendelea kupunga kitambaa.
Hakuna aliyemkataza.

Mimi ni Zosimo, mtia rangi sufu.
Vidole vyangu ni vyekundu hadi kwenye kifundo;
nikishika mkate wa Bwana, wageni hushtuka.
Pale ufukweni nilisimama nyuma ya migongo ya wenzangu,
nikijua kitakuwepo kilio, nami sipendi kuonwa nikilia.
Lakini mtume hakuanza na machozi.
Aliinua mikono.

Mikono ile! Sindano ya mahema imeitoboatoboa,
gumba limepinda, ngozi ngumu kama soli.
Akatuonyesha kama mtu anayegeuza mfuko wake nje ndani
ili tuone hamna chetu humo.
Nikaficha yangu ndani ya joho.

Usiku, kwenye banda la wachungaji kando ya Meandro,
usingizi ulinipaa.
Nikakumbuka gombo tulilosomewa masika yale:
Samweli, mvi tupu, anawaaga watu wake,
haombi zawadi, hasimulii vita.
Anauliza tu ng'ombe wa nani yumo zizini mwake,
punda wa nani.
Uwanja mzima kimya.
Nikajaribu kuliweka swali lile kinywani mwangu,
mbele ya kanisa letu, watu themanini na watoto wao,
nikaona mkono mmoja ukiinuka, mwembamba:
Amia, mjane, mfumaji.

Blanketi lake limo sandukuni mwangu,
rehani ya dinari sita,
tangu mumewe aangukiwe na jiwe machimboni.
Nimelikunja vizuri. Nimelitia majani ya pakanga, nondo wasile.
Tazama nilivyolitunza!
Na kila siku ya kwanza ya juma
Amia hunipa busu la amani kwa midomo baridi.

Asubuhi wenzangu walizungumza hatimaye,
juu ya mbwa mwitu tulioonywa kwamba watakuja.
Demofili alikuwa amekwisha kuhesabu majina:
fulani, na fulani, na yule mgeni wa Laodikia.
"Wengine watatoka humu humu," alisema, akiwatazama wengine.
Mimi nilikuwa nikiwaza
kwamba mbwa mwitu anaweza kuwa na sanduku zuri la mwerezi
na ufunguo shingoni.

Musa alinyimwa nchi, akawaachia watu maneno.
Bwana mwenyewe, usiku wa kuaga, alitangulia na beseni;
maneno yalikuja baadaye, miguu ikiwa bado mibichi.
Sijui. Mimi si mwalimu.
Ila naona wanaotuaga hivi hawatuachii kumbukumbu.
Wanatuachia kazi,
na mtu huweza kulia sana ufukweni
ili asiifanye.

Tulifika Efeso taa zikiwashwa.
Melitina akaniuliza mlangoni, "Haya, kasema nini?"
Nilivua ufunguo shingoni kabla ya kuvua viatu.

Amia alifungua mlango nusu, taa ya mafuta mkononi.
Nami, niliyefanya mazoezi ya hotuba njia nzima,
nikamnyoshea blanketi tu, kama mtoto aliyetumwa.
Dinari sita sikuzitaja.
Akalinusa.
"Linanuka sanduku lako."
Kisha: "Majira mawili ya baridi, Zosimo."
Sikuwa na jibu, na njia nzima sikuwa nimelitafuta.

Akaenda kumfunika mtoto aliyelala karibu na jiko,
akayachomeka mapindo chini ya miguu yake,
bila haraka, nami nimesimama kizingitini na upepo.
Akarudi, akaitazama mikono yangu,
mitupu, myekundu.

"Ingia," akasema, "ufunge mlango.
Sasa niambie alivyosema."