Kofia Mlangoni

Nimeshona kofia za vyama vitatu
kwa cherehani moja, hapa Mlaleo,
na hakuna chama kilichonimalizia hesabu yangu.
Za kijani, za manjano, za buluu;
lakini uzi wa ndani, ule usioonekana,
ulikuwa mweupe katika zote
kwa kuwa ndio uliokuwa rahisi Kongowea.

Kwa hiyo Mwalimu Nyevu alipoweka kapu
mlangoni pa darasa la nne, Jumamosi ya kwanza,
akasema, "Kofia humu, ulimi ingia nao,"
nilizitambua moja moja
kama mzazi anavyotambua viatu vya wanawe.

Tulikuwa kumi na saba.
Athman wa mkokoteni wa maji,
Kadzo anayekaanga viazi karai penye kona,
Okumu fundi wa tuktuk, oili kuchani,
Shee Bwanaheri ambaye hajawahi kusema jambo fupi,
na vijana wawili wa maskani
waliokuja, walisema wenyewe, kwa ajili ya mahamri.

Tulidhani tutafunzwa kuhutubia.
Mimi nilikuwa na ndimu mfukoni, ya koo.
Mwalimu akatoa chupa ya maji, kizibo kimetobolewa,
akaipindua juu ya ndoo:
"Maji yakiisha, nawe umekwisha."
Shee alisema mpaka tone la mwisho
akaomba chupa ya pili.
Hakupewa.

Zoezi lililofuata lilikuwa gumu zaidi:
rudia alichosema mwenzio, mpaka akubali kuwa ndicho.
Athman na Okumu, tangu uchaguzi ule
wakikutana uchochoroni kila mmoja hutazama ukuta wake.
Athman ilimchukua mara nne.
Kwanza alirudia alichodhani.
Kisha alirudia kinachosemwa mtaani.
Mara ya tatu alikasirika, akasimama, akakaa.
Mara ya nne akasema polepole,
"Unasema maji yakifurika barabarani
mwanao huenda shule mgongoni mwako."
"Hicho," akasema Okumu.
Mtu akafungua dirisha. Sijui kama lilikuwa joto.

Wiki ya tano tukaipasua bajeti,
tukagawana kurasa kama nyama ya sadaka.
Kadzo, aliyeacha shule darasa la sita,
ndiye aliyeuona, kwa kidole chenye manjano ya viazi:
mtaro wetu. Upo. Una fedha zake.
Mwaka juzi.
Tukatoka nje kwenda kuutazama.
Ulikuwa pale pale ambapo haukuwepo.

Vijana wakataka tuandamane jioni hiyo hiyo.
Mwalimu hakuwakataza, aliuliza tu:
"Mkifika, mtauliza nini?"
Mahamri yalipoa yakiwa mikononi.

Basi siku ya kikao cha wadi nikachaguliwa mimi,
na magoti, wallahi, yalikwenda
kama kanyagio la cherehani.
Mheshimiwa alisimama, akatupa macho ukumbini
atafute walio wake na wasio wake.
Akaona vichwa vitupu. Hakujua aanzie wapi.
Nikauliza neno moja: "Lini?"
Akajibu maneno mia.
Nikamrudishia: "Umesema kabla ya masika.
Ndicho?"
Akanywa maji.
Karani akaandika. Nikamwomba asome alichoandika.
Akasoma. Tarehe haikuwemo.
Nikauliza tena.

Sitakudanganya: mtaro haujachimbwa wote.
Umefika kwa fundi viatu, ukasita.
Mvua ya juzi Okumu alipita na mtoto mgongoni,
na mkoba wa shule ulikuwa juu ya mkokoteni,
katikati ya mitungi, umefunikwa turubali.

Oda za kofia zimeanza kuja tena.
Nashona. Uzi ni ule ule.
Ila siku hizi nataka nusu kabla sijakata kitambaa,
na nusu ya pili naiandika kwenye daftari,
na mbele yake naandika tarehe,
nawasomea kwa sauti, kisha nauliza:
"Ndicho?"